PIKAPU SIYO YA KUUZIA SURA: UNAMRUSHARUSHA MAMA YAKO HALAFU UNASEMA UMETOBOA?

Wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Leo nina hasira, na hasira yangu ina matairi manne.

Kuna kaka mmoja tunamjua wote. Simtaji, na mkimtaja kwenye komenti nafuta. Ni mtoto wa huku kwetu Kagera, anaishi Dar, ana wafuasi lukuki, na kila Desemba lazima atuletee ndinga ya kututambia anapokuja kula Krismasi nyumbani. Mwaka juzi ilikuwa Crown. Mwaka jana ikawa pikapu: dabo kebini, nyeusi tii, imeinuliwa mpaka ukitaka kuingia unatafuta kigoda, matairi yana meno ya trekta, taa zimepangwa juu ya bodi kama ukumbi wa harusi. Video mliiona. Drone iko angani, ziwa linang'aa pembeni, jamaa anapandisha kwenda kwao upande wa Muleba, muziki mzito, maneno chini: "Gari ya wanaume."

Like zikamiminika. Na mimi nililike, sikatai.

Ambacho video haikuonesha ni hiki. Siku tatu baadaye mama yake mzazi alionekana stendi ya Muleba, amekaa siti ya mbele kwenye Hiace, kapakata kikapu chake, anakwenda Bukoba. Mwanaye anakwenda Bukoba siku hiyo hiyo, pikapu inakwenda Bukoba siku hiyo hiyo, mama yuko kwenye Hiace. Umbea ukaanza: wamegombana, mwanaye mchoyo, sijui mkwe kafanyaje. Wala! Jirani yake alimuuliza, mama akajibu kwa upole kabisa kwamba ile gari inamvunja mgongo.

Basi. Hiyo ndiyo mada ya leo. Mtu ana gari ya mamilioni, mama yake anaikimbia, na sisi huku mitandaoni tunampigia makofi na kutaka kuwa kama yeye.

AIBU YANGU KWANZA

Kabla hamjaniambia nina wivu, nianike aibu yangu mwenyewe.

Nina biashara ya ndizi na kahawa kidogo. Natoa mzigo vijijini Muleba, naushusha Bukoba mjini. Kwa miaka mitatu nilikuwa nakodi gari za watu, faida yote inaishia kwa mwenye gari. Nikajikusanya, Tata akaniongezea hela ya kahawa yake ya msimu mzima, nikanunua pikapu ya mkononi. Milioni 24. Dalali aliniapia kwa jina la marehemu mama yake: "Gari ya daktari hii, haijawahi kuonja mzigo. Halafu cheki, namba E, bado mbichi!"

Mimi nikasikia "daktari" na "namba E", masikio yakaziba. Sikuinama chini ya gari hata mara moja. Nilikagua redio. Nilikagua siti. Nilipiga selfi.

Halafu nikafanya kama yule kaka. Nikaenda kwa fundi, nikamwambia inua. Akanyanyua mbele, nyuma akaongeza bamba mbili za springi "ili isilale ukibeba mzigo", akafunga matairi ya matope, akajaza upepo mpaka tairi ukiligonga linalia kama ngoma. Nikaposti. Washkaji wakanimwagia mioto kwenye komenti. Nikajiona nimefika.

Mwezi mmoja baadaye Tata akaanguka shambani, akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa, ikabidi awe anarudi Bukoba kila baada ya muda kuangaliwa. Mwenye gari ni mimi, si ndiyo? Nikaenda kumchukua Kamachumu, nimeosha gari, nimeweka na mto.

Hatukumaliza hata mteremko wa kwenda Muhutwe. Kila kishimo, mzee anashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Kila rasta, anafumba macho. Njia ya udongo ilikuwa imekauka na kujikunja kama bati, gari inatetemeka yote, dashibodi inapiga kelele. Mama aliyekaa nyuma akasema neno moja tu: "Septemba." Waliokuwepo Bukoba Septemba 10, 2016, siku ya tetemeko, wanaelewa alichomaanisha. Sikucheka.

Tulipofika Muhutwe Tata akaniambia nisimame. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema:

"Waitu, mwanangu, gari yako nzuri. Lakini mimi siyo mkungu wa ndizi. Na hata ndizi huwa tunazitandikia majani."

Akashuka kwa magongo yake, akasubiri Hiace. Mzee aliyechangia hela ya hiyo gari! Nikaifuata Hiace kwa nyuma mpaka Bukoba, kilomita kwa kilomita, nikiwa peke yangu kwenye "gari ya wanaume".

Kwa hiyo nikisema mama wa yule kaka hakugombana na mtu, najua ninachosema.

UONGO WA KWANZA: "PIKAPU LAZIMA IRUSHE, VUMILIA"

Huu uongo unasemwa na kila mtu, kuanzia mafundi mpaka wale wazee wa kijiweni. Una chembe ya ukweli, ndiyo maana unaishi.

Ukweli ni huu. Pikapu imetengenezwa ibebe karibu tani moja mgongoni. Nyuma nyingi zina springi za bamba, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, teknolojia ya tangu enzi za magari ya kukokotwa na farasi. Springi inayoweza kubeba tani moja, ukiipa mzigo wa sifuri haioni sababu ya kujikunja. Gari ikikanyaga jiwe, badala ya springi kulimeza jiwe, inalipandisha mpaka kwenye kiuno chako. Ndiyo maana pikapu iliyopakia magunia kumi inatembea kwa adabu kuliko pikapu tupu.

Kwa hiyo ni kweli, pikapu haitakuwa Crown. Lakini wadau, kuna tofauti kubwa kati ya gari ngumu na gari mbovu. Ninachokisema ni kwamba nusu ya kurushwa mnakovumilia siyo tabia ya pikapu. Ni shokapu zilizokufa, bushi zilizoisha, springi zilizoshikana kutu na upepo uliojazwa kama wa lori. Fundi anakuambia "ndivyo zilivyo" kwa sababu ni rahisi kusema hivyo kuliko kulala chini ya gari saa nzima akitafuta tatizo.

Neno "vumilia" limetugharimu sana nchi hii. Tusilipeleke na gereji.

UONGO WA PILI: "IKIINULIWA NDIYO INAKUWA IMARA"

Hapa ndipo ninapowasubiri mastaa wetu.

Pikapu nyingi za zamani zenye gia ya mbele na nyuma hazina springi za mviringo kwa mbele. Zina vyuma virefu vinavyojisokota gari inapopanda na kushuka. Fundi wa mtaani akitaka kukunyanyulia mbele anakaza boliti za hivyo vyuma, robo saa kazi imeisha, gari imesimama juu kama beberu. Umelipa hela, umefurahi. Lakini hujaongezewa chochote. Umenyang'anywa. Gurudumu lilikuwa na nafasi ya kushuka likikuta shimo. Sasa limeshafika karibu na mwisho wake, kila shimo linagonga chuma kwa chuma. Bolijointi zinafanya kazi zikiwa zimepinda, zinaisha mapema. Shafti za mbele nazo zinapinda. Na gari ikiwa juu inayumba zaidi kwenye kona, na sisi huku kona tunazo za kugawa.

Yule kaka anaiendesha wiki mbili za Desemba, Januari anarudi Dar kwenye lami. Wewe wa Nshamba, wa Rubya, wa Ibwera, unabaki na hiyo gari mwaka mzima kwenye matope na mawe. Unaiga mavazi ya mtu anayekuja matembezi!

Kuna watu wanahitaji gari ndefu kweli. Anayevuka mito, anayeingia mashamba ambayo hayana njia. Huyo anunue vifaa vyake kamili, springi na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo, afungiwe na mtu anayejua. Simzungumzii huyo. Namzungumzia anayeinua gari ili kwenda kuegesha mbele ya baa.

UONGO WA TATU: "NAMBA E, BADO MBICHI"

Kuna dada mmoja, naye simtaji, ana kurasa tatu na sauti tamu. Kila wiki yuko kwenye yadi fulani anatuoneshea pikapu, "mashallah namba mpya, ya kwanza kuchukua ndiye mjanja". Dada yangu nakupenda, unajua kupiga makeup kwenye gari inayotembea. Lakini sijawahi kukuona umeinama chini ya hata gari moja. Unalipwa uoneshe rangi, na rangi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye gari.

Herufi ya namba inakuambia gari ilisajiliwa Tanzania lini. Haikuambii ilitengenezwa lini. Kenya wamezuia mtumba uliozidi miaka 8. Uganda tangu 2018 wameweka kikomo cha miaka 15. Sisi hatujafunga mlango, tunatoza kodi ya uchakavu tu. Kwa hiyo gari ya 2004 inaweza kuingia bandarini leo na kesho ikatembea na namba mpya kabisa. Mbichi ni kibao cha namba.

Na hii nyingine ya "imetoka moja kwa moja Japani, ilikuwa ya bibi mmoja". Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Mtu akikuambia Hilux ya 2010 ilikuwa ya bibi wa Tokyo, muulize huyo bibi aliinunua duka gani. Hilux za miaka hiyo zimetoka nchi nyingine, au zimetoka humu humu: gari za miradi, za mashirika, za ofisi, zilizopigwa mnada baada ya kuzunguka vijijini miaka kumi. Si vibaya. Gari ya mradi iliyotunzwa na kufanyiwa sevisi kwa wakati inaweza kuwa bora kuliko "ya daktari". Lakini ujue unanunua nini, na ulipe bei ya hicho kitu.

KABLA HUJATOA HELA, INAMA

Ningeambiwa haya kabla, ningeokoa hela na heshima. Nawapa bure.

Nenda mchana, gari ikiwa haijaoshwa. Gari iliyooshwa chini kabla mteja hajafika inanitia wasiwasi. Lala chini. Angalia chasisi yote, hasa nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikiliwa. Unatafuta ulehemu, ufa, kutu inayobanduka kama ganda, rangi nyeusi mpya iliyopakwa sehemu moja tu. Chasisi iliyowahi kukatika na kuungwa, ondoka. Hata kwa milioni kumi, ondoka.

Simama pembeni, angalia nafasi kati ya kebini na bodi. Juu na chini ziwe sawa. Zikiwa tofauti, huenda gari ilibeba kupita kiasi mpaka chasisi ikajikunja. Angalia matairi: yakiwa yamelika upande mmoja, kuna kitu kimepinda au kimeisha. Angalia shokapu: ikiwa imelowa mafuta na vumbi limeganda juu yake, imekufa. Hesabu bamba za springi kushoto na kulia. Yangu ilikuwa na tano upande mmoja na sita upande wa pili, nikaja kugundua miezi minane baadaye. Gari ya daktari, eti.

Angalia pedali ya breki. Raba ikiwa imelika mpaka chuma halafu kilomita zinasoma elfu sitini, kilomita zimerudishwa.

Halafu iendeshe, tena siyo kwenye lami ya mjini. Ipeleke kwenye njia mbovu, zima redio (dalali atataka kuiwasha, mzuie), fungua vioo, sikiliza. Mgongo mmoja wa "ko-ko" mbele ni bushi au bolijointi. Mlio wa "kwi-kwi" nyuma ni springi zinaomba msaada. Gari ikikanyaga tuta halafu ikaendelea kudunda kama mpira, shokapu hazipo. Na mkalishe mtu siti ya nyuma! Wewe dereva umeshika usukani, unaona shimo linakuja, mwili unajiandaa. Wa nyuma haoni kitu.

Mwisho makaratasi. Namba ya chasisi kwenye gari na kwenye kadi zifanane, herufi kwa herufi. Angalia madeni ya faini za polisi kwa namba ya gari. Andikishaneni mbele ya mwanasheria, na umiliki ubadilishwe TRA, siyo "tutabadilisha baadaye". Baadaye ndiyo mwenye gari anahama mkoa.

KUILAINISHA: ANZA NA CHA BURE

Baada ya siku ile ya Muhutwe nilimtafuta fundi mwingine, mzee mmoja wa pale pale Bukoba asiye na Instagram. Nikamwambia nataka gari ambayo baba yangu atapanda. Akanitazama, akasema: "Kumbe unataka gari. Nilidhani unataka jukwaa." Alinifundisha kwa mpangilio huu.

Kwanza upepo, ambao ni bure au buku mbili. Fungua mlango wa dereva, kuna karatasi ya mtengenezaji imebandikwa inayosema upepo wa mbele na nyuma, gari tupu na gari yenye mzigo. Pikapu nyingi zikiwa tupu zinataka kama 30 hivi. Yangu ilikuwa na 50! Nilikuwa natembea juu ya mawe manne. Tulipopunguza tu, nusu saa ya kwanza nilihisi nimebadilishiwa gari. Lakini usizidishe ukashuka chini ya ile namba, tairi litapata joto na kupasuka. Na ukipakia mzigo rudisha upepo wa mzigo. Kipimo kidogo cha upepo kiweke kwenye gari, usitegemee kidole cha kijana wa pancha.

Pili, alizitoa zile bamba mbili nilizoongeza. Zile tu za kuongeza. Bamba za mtengenezaji usiziguse kwa ajili ya ulaini, siku ukibeba mzigo utalala na gari. Zilizobaki alizifungua, akazisafisha kutu. Bamba zikishikana kutu zinakuwa chuma kimoja kinene, hazitelezi tena moja juu ya nyingine. Alipofunga alinunua boliti mpya za kukamata springi, akakataa kurudishia za zamani zilizokwishavutika.

Tatu, bushi. Za springi nyuma na za mikono ya mbele, seti nzima, kama laki na ishirini. Na hapa kuna siri ambayo mafundi wengi wanairuka. Bushi za raba zikazwe gari ikiwa imesimama kwa miguu yake, uzito wote uko chini. Ukizikaza gari ikining'inia kwenye jeki, ukishusha raba zinajisokota na kubaki zimejisokota. Zinakakamaa, zinachanika baada ya miezi michache, halafu unalaumu spea feki. Spea feki zipo, lakini na kazi feki ipo.

Nne, mbele alirudisha urefu wake wa kiwandani. Kuinua nililipa, kushusha nikalipa. Hiyo ni ada ya shule.

Tano, shokapu nne, za kawaida za aina ya gari yangu, laki nne na themanini zote. Sikuweka zile kubwa za rangi za kujimwambafai. Shokapu ngumu ya mashindano kwenye gari tupu ni kurudi kule kule.

Sita, matairi. Yale ya matope niliyauza, nikachukua ya kawaida ya njia zote, saizi iliyoandikwa mlangoni. Yakapigwa balansi, gari ikapigwa alaimenti. Tairi la matope lina ubavu mgumu na meno yanayopiga kelele kwenye lami, na safari zangu nyingi ni lami ya Muleba na Bukoba. Wakati wa mvua nzito natembea na cheni na jembe, na nina akili ya kusubiri.

Saba, siku nikienda bila mzigo huwa naweka mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, kama kilo mia hivi, nimeifunga kamba isiteleze. Mafuta yanaongezeka kidogo, lakini springi inapata kitu cha kushika. Mchanga wa Bukoba hauna ushuru wa forodha.

Ukijumlisha na ufundi, nilitumia kama laki tisa, matairi ukiyatoa. Kuiharibu nilitumia zaidi ya hapo.

NAJUA MTAKACHOANDIKA

"Una wivu." Ninao, sawa. Ile drone niliipenda. Wivu wangu hauondoi ukweli kwamba mama yako yuko kwenye Hiace.

"Hela yake, gari yake." Kweli kabisa. Lakini mtu akishaiweka mbele ya vijana laki kadhaa na kuwaambia hii ndiyo gari ya wanaume, imeshakuwa hela yetu pia. Kuna kijana sasa hivi anauza pikipiki yake na kipande cha shamba ili afanane na ile video. Huyo kijana alikuwa mimi.

"Pikapu ni ya kazi, anayetaka ulaini anunue Crown." Haya, tuongelee kazi. Gari inayorusha inaponda ndizi, na ndizi iliyopondeka mjini inauzwa kwa huruma. Nyanya usiseme. Tangu nirekebishe gari yangu, ndizi zinazokataliwa sokoni zimepungua, na dereva wangu haniombi tena hela ya dawa ya mgongo. Na kazi ya gari huku kwetu siyo mizigo tu. Mjamzito usiku anakwenda na gari ya nani? Mgonjwa wa jirani? Maiti ikirudi nyumbani inabebwa na nini? Ni hiyo hiyo pikapu ya kijijini, mara nyingi ni moja tu. Ulaini unaouita udekezi ndio unaompitisha mtu mwenye mshono kwenye mawe ya Kamachumu.

"Wahaya mnapenda sifa." Ha! Haya leteni na utani wa nshomile, tumeuzoea. Kupenda sifa hatukatai. Ila wazee wetu walikuwa na sifa za kitu kilichokamilika. Ukijenga nyumba, mgeni akae vizuri ndani, ndipo ujisifu. Hawa wa siku hizi wanajisifia nyumba ambayo mgeni anakaa nje.

Na kama mzigo wako ni kreti kumi za soda mjini, hata pikapu huhitaji. Nunua kirikuu, mama ake apande Noah, maisha yaendelee. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuonekana kwenye kirikuu.

NEKSTI DESEMBA

Kaka yetu, najua unasoma hapa, huwa unalike kwa akaunti yako ya pili. Sikuchukii. Nakupa changamoto. Desemba hii kabla hujarusha drone, mkalishe mama siti ya nyuma, siyo ya mbele. Mpe kikombe cha kahawa, nusu tu. Toka naye nyumbani mpaka Bukoba, usikimbie. Mkifika angalia kahawa iko wapi. Ikiwa kwenye kikombe, posti, na mimi nitakuwa wa kwanza kulike. Ikiwa kwenye gauni lake, zima simu, tafuta fundi.

Mimi Tata wangu alikubali kupanda tena baada ya miezi miwili ya kubembelezwa. Alikagua mto, akafunga mkanda, akashika ule mpini wa juu kwa mikono miwili kabla hata sijawasha gari. Tulipofika Muhutwe nikapunguza mwendo nikasubiri aseme nisimame.

Akaniuliza kwa nini muziki wangu una makelele hivyo, na kama sina hata wimbo mmoja wa dini.

Nikajua gari imepona. Mikono yote miwili ilikuwa mapajani.

Haya, komenti ziko wazi. Matusi nafuta, majina nafuta, lakini mwenye fundi mzuri Muleba aandike yuko mtaa gani. Watu wana wazazi.